Mto Alinijia Mlangoni

Jina la Bi Nukta alilipata kazini, na hakulichukia. Alikuwa msomaji prufu katika kiwanda cha uchapaji kilichochapa zile karatasi nyembamba zinazokunjwakunjwa ndani ya boksi la dawa, ambazo watu wengi huzitupa bila kuzitazama. Yeye alizisoma zote, neno kwa neno, kalamu nyekundu mkononi. Miaka ya nyuma aliwahi kukimbia hadi chumba cha mashine, viatu mkononi, akipiga kelele mashine izimwe, kwa sababu kijiko moja nukta tano cha dawa ya watoto kilikuwa kimegeuka kuwa vijiko kumi na tano. Nukta ilikuwa imedondoka njiani. Karatasi zilichanwa zote, na toka hapo wenzake wakamwita Bi Nukta. Naye toka hapo akaamini kwamba kosa la maandishi halina udogo.

Meza yake ilikuwa kando ya dirisha la kioo cha ukungu. Mwanga ulioingia pale haukuwa na saa: asubuhi ulikuwa mweupe, mchana ulikuwa mweupe, na mashine zilivuma upande wa pili wa ukuta kama mtu anayeimba na mdomo kaufumba. Kuna wakati maneno yalianza kuelea juu ya karatasi, naye angeweka kidole juu ya neno moja, alishike lisiondoke, mpaka mengine yatulie.

Aliishi na shangazi yake aliyemlea, katika vyumba viwili juu ya duka la mapazia. Shangazi alikuwa na maneno mengi na usingizi mwingi. Kila asubuhi, kabla chai haijachemka, alikuwa ameshasimulia ndoto mbili.

"Na wewe, mwanangu? Umeota nini?"

"Sijaota."

"Wewe huotagi kabisa."

"'Huoti,' shangazi. Siyo 'huotagi'."

"Haya, huoti. Na hiyo ndiyo sababu unakosoa kila neno."

Shangazi ndiye aliyemwingiza kwenye kundi. Kundi lenyewe lilianzishwa na msusi wa mtaa wa nyuma, mwanamke mwenye vidole vyepesi na sauti nzito. Msusi alikuwa amegundua kwamba mteja akishakiegemeza kichwa kwenye beseni, maji ya uvuguvugu yakimpita masikioni, huanza kusimulia ndoto hata kama hakuulizwa. Akaona si haki ndoto zote zile ziishie masikioni mwake peke yake. Akafungua kundi kwenye simu, akaliita Tumeota Nini, akaingiza wateja wake, na wateja wakaingiza ndugu na majirani. Sharti lilikuwa moja: uandike asubuhi, kabla ndoto haijakukimbia.

Basi watu waliandika wakiwa nusu wamelala. Waliandika kitandani, kwenye foleni ya maji, wakiwa na mswaki mdomoni. Mmoja aliota anafagia mawingu na hajui takataka azitupe wapi. Mwingine aliota meno yake yamehamia nyumba ya jirani na yanakataa kurudi. Bi Nukta alizisoma zote akinywa chai, na ukweli ni kwamba alizipenda. Ila mkono wake ulikuwa umezoea kazi. Aliyeandika "nililala masaa mengi" aliletewa kinyota na neno "saa" chini yake. Aliyeandika "hiyo ndege lilikuwa limevaa koti" aliletewa vinyota viwili. Binti mmoja, muuza maua, aliandika asubuhi moja: "Nimemuona marehemu bibi anakura huku anacheka." Bi Nukta alijibu: "*anakula." Hilo tu. Binti alituma alama ya viganja vilivyokutanishwa, na hakuna aliyeongeza neno.

Bi Nukta hakuwa na nia mbaya. Aliona kama anamtoa mtu uzi begani, kitu ambacho mtu yeyote muungwana angefanya.

Kulikuwa na mwendesha kreni kundini humo. Alikuwa akifanya kazi kwenye jengo refu lililokuwa likiinuka nyuma ya soko, na kwa vile alikaa kutwa nzima kwenye kile kibanda cha kioo angani, kundi zima lilimwita Wa Juu. Kiswahili hakikuwa lugha ya nyumbani kwao. Alikiokota ukubwani, kwenye kambi za ujenzi. Lakini ndoto zake ndizo zilizongojwa. Shangazi alikuwa akisema, "Subirini, Wa Juu bado hajaandika," kama watu wanaongoja mgeni ndipo wale.

Asubuhi moja aliandika hivi:

"Habari za asubuhi wandugu. Leo mto alinijia mlangoni. Alikuwa amechoka. Akavua viatu, akakaa kwenye kiti ya baba, akauliza kama sisi bado tunamkumbuka."

"Mto upi, wa maji au wa kulalia?" akauliza mmoja, na watu wakacheka.

Kabla Wa Juu hajajibu, Bi Nukta alikuwa ameshatuma: "*ulinijia. *Ulikuwa umechoka. *Ukavua. *Kiti cha. *Tunaukumbuka. Mto si kiumbe hai, hauchukui a-."

Sura za kucheka zikamiminika. "Mwalimu kaingia darasani!" "Kaeni wima jamani!" Wa Juu akaandika: "Asante mwalimu. Nimejifunza." Na kweli alikuwa amejifunza. Ndoto yake iliyofuata ilisomeka hivi: "Nimeota mto. Mto ulikuwa na maji. Mto ulipita."

Hapakuwa na kosa hata moja. Bi Nukta alimtumia kidole gumba cha pongezi.

Baada ya hapo Wa Juu aliandika, "Leo sikuota." Kisha hakuandika tena. Muuza maua naye alikuwa kimya, na yule wa mawingu, na yule wa meno. Asubuhi zikawa tupu. Bi Nukta alikunywa chai huku akitazama kioo cha simu kama mtu aliyesimama mbele ya duka lililofungwa. Jumbe za sauti za shangazi zilibaki peke yake kundini, ndefu, zikijibiwa na shangazi mwenyewe.

Hakuelewa kilichotokea. Siku moja ya kazi, mashine zikiwa zimezimwa ili zisafishwe, alimweleza mpiga chapa, mzee aliyefanya naye kazi tangu wote wawili wakiwa na nywele nyeusi.

"Niliandika sahihi," alisema. "Unaweza kukagua. Hakuna nilipokosea."

Mpiga chapa alikuwa akifuta wino katikati ya vidole kwa kitambaa kilichokuwa kichafu kuliko vidole vyenyewe. "Kwani alikuletea prufu?" aliuliza.

"Nani?"

"Huyo wa mto. Alikuja mezani kwako, akakuwekea karatasi, akakwambia isome?"

Bi Nukta alirudi kwenye meza yake, akaketi kwenye ule mwanga mweupe, na kwa mara ya kwanza akayarudia maandishi yake kundini yote, akipanda juu, juu, mpaka mwanzo. Vinyota vilikuwa vingi. Alipofika kwa bibi wa yule muuza maua, aliiweka simu chini, akaifunika kwa karatasi ya dawa ya kikohozi.

Kesho yake aliandika kundini. Yalikuwa maombi marefu ya radhi, yenye aya na mikato iliyokaa mahali pake, na alimtaja Wa Juu kuanzia mwanzo hadi mwisho. Wa Juu alijibu maneno machache: "Sina neno dada." Kimya kilichofuata kilikuwa kizito kuliko cha mwanzo.

Jioni hiyo alikwenda kwa msusi. Hakuwa na haja ya kusuka. Msusi alimkalisha hata hivyo, akamwegemeza kichwa kwenye beseni, akafungulia maji.

"Dada yangu," alisema juu ya uso wake, "wewe una akili, lakini kwa hili umenishangaza. Umemkosoa mtu mbele za watu. Sasa unamwomba radhi mbele za watu vilevile. Ulitaka afanye nini, akusamehe huku tunapiga makofi?"

"Nilidhani…"

"Funga macho, sabuni itakuingia."

Alifunga macho. Maji yakampita masikioni, na sauti ya msusi ikawa inatoka mbali, kama kutoka ng'ambo. "Mtu akiwa na kamasi usoni humnong'onezi? Unamvuta pembeni. Tena unamvuta kama anakwenda harusini. Kama amelala kwake, unamwacha alale. Namba yake unayo. Mpigie."

Alimpigia siku iliyofuata, wakati wa chakula cha mchana, akiwa amejifungia stoo ya karatasi. Kilichopokea simu kwanza kilikuwa upepo.

"Haloo?"

"Ni mimi. Wa kundini. Yule wa vinyota."

"Mwalimu!"

"Usiniite mwalimu, tafadhali. Uko kazini? Nisije nikakuharibia."

"Niko mapumziko. Kreni amelala."

Bi Nukta aliuma ulimi. "Kaka yangu," alisema, "nimekukosea. Nataka nikwambie wewe peke yako, watu wasiwepo."

Upepo ulivuma kidogo. "Hukunikosea sana," alisema Wa Juu. "Ulisema kweli. Nilisikiliza watu huku chini, nikaona wote wanasema mto ulikuja, mto umejaa. Lakini nikishaandika ulikuja, ninamuona anakuwa maji. Maji tu, ya kuoga. Yule ambaye alikuja kwangu hakuwa maji."

"Alikuwa nani?"

"Alikuwa mto wa kwetu." Alicheka kidogo. "Mama yangu alikuwa anamsalimu. Akienda kuchota, kwanza anamuuliza, umeamkaje. Yeye peke yake, majirani walikuwa wanamcheka. Halafu walijenga bwawa, tukahamishwa. Mto wakamgeuza, hapiti pale tena. Mama naye hayupo. Sasa nikamuota. Nilifurahi nikaandika haraka haraka, nilikuwa nimelala bado."

Bi Nukta aliegemea marobota ya karatasi. Stoo ilikuwa na harufu ya mbao zilizolowana zamani. "Ile ndoto umeifuta," alisema. "Niliitafuta nikaikosa. Naomba unisimulie tena."

"Yote?"

"Yote. Jinsi ilivyokuwa."

Alimsimulia. Mto alibisha hodi kwa vidole vyenye baridi. Alikuwa na viatu vya safari, vimejaa mchanga, na alipovivua mchanga haukuisha kumwagika, ukafunika sakafu, ukafika magotini, na hakuna aliyeogopa. Alikaa kwenye kiti cha baba. Aliuliza habari za kila mtu kwa jina, na za ng'ombe pia. Akauliza kama wanamkumbuka. Nyumba akaitikia kabla yao, milango wote wakaitikia, halafu mama akaingia kutoka uani akiwa kijana, ndoo kichwani, akasema, "Umeamkaje?" Na mto akainama, akalia, akajaza ndoo.

Bi Nukta alisikiliza akiwa amefumba macho. Kila kitu kilichopita pale kilikuwa na pumzi, na hakukiwekea kinyota hata kimoja. Alipofumbua macho, marobota yale ya karatasi nyeupe yalionekana kama yamelala.

"Basi," alisema Wa Juu. "Hapo nikaamka."

"Naomba radhi," alisema Bi Nukta. Sasa lilikuwa neno fupi.

"Imekwisha, dada." Kisha, kabla hajakata: "Lakini usiache kabisa hiyo kalamu yako. Mimi kila wiki naandikia ofisi taarifa ya kreni, na msimamizi anaisoma kwa sauti watu wacheke. Hiyo nitakuletea. Hiyo ukate, ufunge, fanya unachotaka. Ndoto niachie."

"Ulete," alisema Bi Nukta, na akashangaa jinsi alivyofurahi.

Jioni hiyo alimwandikia muuza maua, pembeni, nje ya kundi: "Pole kwa bibi. Sikukupa pole siku ile. Alikuwa anakula nini?" Jibu lilikuja refu, bila nukta wala mkato. Alikuwa anakula machungwa, anayamenya ganda lote bila kukatika kama alivyokuwa akifanya enzi zake, na alikuwa amevaa gauni ambalo binti alikuwa amelisahau kabisa mpaka alipoliona mle ndotoni. Walizungumzia gauni lile kwa muda mrefu, wakiulizana rangi yake.

Asubuhi zikaanza kujaa tena polepole. Msusi aliongeza sharti la pili kundini, kwamba anayetaka kusahihishwa aseme mwenyewe, na wapo waliosema. Bi Nukta aliwajibu pembeni, mmoja mmoja. Wengine wote aliwasoma tu. Mara nyingine kidole kilimwasha, akawa anaiweka simu dirishani, anakwenda kukoroga sukari kwenye chai ya shangazi.

Wa Juu alirudi na ngazi waliokuwa wakicheka, na siku nyingine na jua aliyekuja kuazima kitana. Na taarifa zake zilikuja kila mwisho wa wiki, fupi, zimeandikwa kwa uangalifu wa mtu anayevuka tope na viatu vipya. Bi Nukta alizipaka wekundu bila huruma, na Wa Juu alibishana naye kila mstari.

Msimu wa upepo ulipoanza, alileta taarifa yenye sentensi hii: "Kreni iko salama, isipokuwa upepo akiwa na hasira." Bi Nukta aliitazama kwa muda mrefu mezani kwake, kalamu hewani. Mwishowe alimpigia.

"Hapa nimeandika 'upepo ukiwa mkali'," alisema. "Ni taarifa ya usalama. Kuna watu watapanda juu kwa kuiamini hiyo karatasi."

"Sawa. Waandikie mkali, waelewe," alisema Wa Juu. Nyuma yake kitu kilikuwa kikipiga mluzi kwenye vyuma. "Lakini ungekuwa hapa, dada, ungeona mwenyewe. Leo amenuna tangu asubuhi."

"Amenunia nini?"

"Bado hajasema."

Bi Nukta alicheka kwa sauti, kiasi kwamba mpiga chapa alichungulia mlangoni kutazama kuna nini. Alimpungia mkono aondoke, akavuta kiti karibu na dirisha, akasema kwenye simu, "Basi shuka mapema leo, kaka yangu. Mwache apite."