Mama hakuwa amenona, yalikuwa maji

Wakuu, sasa. Hii si hekaya ya kutunga. Ni ya nyumbani kwetu Ngoingwa, na mama ameniruhusu niiseme.

Nasomea nursing hapa Thika. Pathophysiology, somo la jinsi ugonjwa unavyobadilisha mwili, ilikuwa inanitoa jasho, mpaka nikaanza kumfundisha mama. Yeye anachambua maharagwe, mimi nahubiri. Nikishindwa kueleza kwa Kiswahili, najua sijaelewa.

Wakati huo mama alikuwa "amenona". Shangazi yangu wa Kimbo alikuja kutuona akapiga makofi: "Haiya! Kijana anakulisha nini? Umenona mpaka viatu vimekataa!"

Kwetu kunona ni baraka, hakuna anayeuliza maswali. Hata mimi nilijisikia mwanaume.

Jumamosi moja tulianza na hypertrophy: seli haziongezeki idadi, kila moja inakuwa kubwa, kama misuli ya mtu wa mjengo anayebeba mawe. Atrophy ni kinyume, zinasinyaa. Mama alishika haraka kuliko mimi.

Tukafika edema. Nikamwambia ni maji yametoka kwenye mishipa ya damu, yakatuama katikati ya seli. Ukibonyeza, shimo linabaki.

"Hebu nionyeshe," akasema, akanyoosha mguu.

Nikabonyeza juu ya kifundo. Nikatoa kidole.

Shimo likabaki.

Mama akacheka. "Si umesema litabaki? Umesoma vizuri, baba."

Mimi sikucheka. Nikamuuliza analalaje. Akasema siku hizi anapanga mito, maana akilala chali pumzi inakata, ila hakutaka kunisumbua wakati wa mitihani. Wakuu, niliogopa sana.

Hospitalini daktari alisema pressure imekuwa juu muda mrefu bila sisi kujua. Misuli ya moyo ilikuwa imenenepa, ile hypertrophy yetu, na sasa moyo umechoka kusukuma. Tungengoja, maji yangejaa mapafuni. Akampa dawa za pressure na za kutoa maji, akamkataza chumvi.

Leo mama amekonda na analala vizuri. Namshukuru Mungu, namshukuru daktari, na hata lecturer aliyenipa sup, ule mtihani wa kurudia, maana ndiyo ilinifanya nisome kwa sauti.

Mzazi akinona ghafla, msiishie kusifu. Bonyeza mguu, uliza analalaje, mpeleke apimwe.

Kuna mwenye mzazi wa hali hii? Mnatia nini kwa chakula badala ya chumvi? Tupia hapa chini. Githeri yetu, mahindi na maharagwe, siku hizi haina ladha kabisa, na mimi namaliza sahani nikimwangalia aliyeipika.