Pasipoti Ndani ya Bitana

Mdogo wangu ni fundi cherehani, na watu wote humwita Fundi, hata mimi. Baba yetu ndiye aliyemfundisha. Enzi hizo msafiri hakuweka hati zake mfukoni. Alimpelekea baba koti, baba akafumua bitana, kile kitambaa cha upande wa ndani, akazitia humo, akashona tena. "Mfuko una mdomo," alikuwa akisema, "bitana ni bubu." Siku hizi nani anajua hata bitana ni nini? Koti likichanika kwapani linatupwa, na aliyelitupa anajiona ameendelea.

Binti wa Fundi alituita sote wawili likizo ughaibuni. Tulionyeshwa bustani, majumba marefu, na maduka yenye ngazi zinazotembea zenyewe. Fundi hakuona raha. Mikono ilimwasha. Akaanza kuvizia kabati la nguo, na kila koti la nyumba ile akalibadilisha bitana na kulitia kitambaa kigumu kifuani, lisimame kama koti la mtu mwenye heshima. Na pasipoti yake, kwa kuogopa wezi ambao hatukumwona hata mmoja, akawa anaihamisha: leo koti hili, kesho lile.

Asubuhi ya kuondoka, masanduku yakiwa mlangoni, binti akasema, "Baba, Baba Mkubwa, nipeni pasipoti zenu."

Nikatoa yangu. Fundi akapapasa koti lake, akapapasa tena, kisha akaketi kitandani.

"Imo kwenye koti."

"Koti lipi, Baba?"

"Lile la... la rangi ya majivu."

"Makoti yote humu ni ya rangi ya majivu!"

Tukayamwaga sebuleni. Kupapasa hakukusaidia, maana kwa kile kitambaa kigumu kila koti lilikuwa kama limebeba pasipoti. Fundi akashika wembe, akaanza kufumua kazi yake mwenyewe.

"Wezi wamekoma," nikamwambia. "Umeificha wasiione, nawe pia usiione."

"Kaka, usinichanganye."

"Nikuchanganye mara ngapi? Mchuzi ulishamwagika."

Hakucheka. Akaliokota koti alilokwisha kulifumua, akaligeuzageuza kama hajapata kuliona, akatafuta mshono wa kuanzia. Nikamshika mkono. "Hilo tayari, Fundi." Akanitazama kama ninayesema lugha ya watu wengine. Utani ukanikauka mdomoni.

Pasipoti haikuonekana. Binti akaanza kulia. Ruhusa ya baba yake ya kukaa nchini ilikuwa inakwisha siku hiyo. Akikosa ndege, angejieleza kwa askari, na yeye hata koti lake hakumbuki. Ghafla binti akajifuta machozi, akampigia mumewe kazini.

"Umevaa koti gani? Basi njoo uwanja wa ndege. Na usilivue!"

Mkwe alitukuta kwenye milango ya uwanja, amekumbatia kifua kama aliyebeba kitoto kichanga. Wembe tuliuacha nyumbani. Fundi akapiga magoti, akafunua koti na kuinamisha kichwa kifuani kwa mkwewe.

"Mzee, inuka! Watu wanatutazama!"

"Simama wima, mwanangu. Nguo haipimwi hivyo."

Akakata uzi kwa meno. Pasipoti ikachomoza, binti akaidaka, akatusukuma ndani. Nilipogeuka nilimwona mkwe akitupungia mkono, bitana ikining'inia hadi magotini. Nilijua lile koti lingelala pipani jioni hiyo.

Ndege ilipokwisha kupaa, Fundi alikuwa bado anakunjua na kukunja vidole.

"Kaka, lile koti la mkwe nililishona?"

"Ulilishona."

Akaegemea kiti. Nikadhani amelala.

"Kwa uzi gani?"

"Wa rangi ya majivu."

"Ahaa," akasema, na uso wake ukatulia. Akapapasa ukosi wake, anapochomeka sindano, kisha akanigeukia. "Kaka, na lile koti la mkwe?"