Kombe la Kuchemshwa

Chumba cha mwisho katika wodi yetu kina kitanda kimoja na mlango wenye kioo. Humo hulazwa mgonjwa wa saratani ya damu ambaye dawa imemshusha chembe nyeupe, hana kinga hata ya mafua. Wageni hawaingii. Huingia muuguzi, na kwa wiki mbili muuguzi huyo nilikuwa mimi.

Mgonjwa alikuwa bibi wa Mji wa Kale, mtu ambaye nyumbani kwake wageni hawakatiki. Siku za kwanza walikuja kumtazama kwa makundi, wakampungia mikono kioo kikiwa katikati, wakaona haya kusimama hivyo, wakapungua. Akabaki dada yake, kila alasiri saa kumi. Mgonjwa akaacha kula. Daktari akaniambia kwamba asipokula hatafika siku ya chembe kuanza kupanda.

Siku moja dada alileta chupa iliyofungwa kwa leso. Lilikuwa kombe: aya zilizoandikwa kwa zafarani juu ya sahani nyeupe, zikaoshwa kwa marashi na maji ili mgonjwa anywe.

"Maji ya wapi, mama?" nikauliza.

"Ya kisima cha msikitini. Safi."

"Hawezi kunywa maji yasiyochemshwa."

"Haya si maji, mwanangu. Ni dua."

Nilikataa. Aliondoka bila kuniaga. Ndani, mgonjwa aliyekuwa akitutazama kupitia kioo akageukia ukuta. Siku ile hakufungua kinywa hata kwa vidonge.

Nikamuuliza daktari. Akasema yakichemka sawasawa, kidogo hayana neno. Kesho yake nikamweleza dada.

"Kombe lichemshwe?" akasema. "Ngoja nikamuulize mwalimu aliyeliandika."

Alirudi na chupa yake baada ya siku moja. "Mwalimu asema chemsha, maneno hayaungui. Ila ukilimwaga, utanijua."

Nililichemsha katika jiko la wodi, nikalipoza kwenye kikombe chenye kifuniko. Ukumbi mzima ulinukia marashi. Mgonjwa akanywa mafunda matatu, dada yake amebandika kiganja kwenye kioo.

"Umelipika kama chai," mgonjwa akaniambia. "Sukari iwapi?"

Kisha akaomba uji.

Tangu hapo alikula, mimi nikimshikia kijiko kwa mkono wenye glavu. "Hata uso wako siujui," alisema siku moja. "Najua macho tu." Nikacheka ndani ya barakoa. Mimi ni mtu wa bara. Mlango wa chumba changu Makupa haubishwi ila na aliyekosea nyumba. Nilikuwa nimeanza kuingoja saa ya uji kama mtu anayengoja mgeni.

Chembe zikapanda. Sisemi ni kombe. Dawa ina siku zake. Akahamishiwa wodi ya wazi.

Alasiri moja, nikienda kuanza zamu, nilipitia huko nikiwa bado na nguo za nyumbani. Watu walimzunguka, wengine wameketi kitandani pake, wote wakisema kwa pamoja. Akaniona juu ya mabega yao.

"Hujambo, mwanangu," akasema. "Wamtafuta nani?"

Ningetamka neno moja angenijua kwa sauti. Nikatikisa kichwa tu, nikatabasamu, nikawapisha waliokuwa wakiingia.

Chumba cha mwisho kilikuwa kimepata mgonjwa mwingine. Nikanawa mikono, nikavaa barakoa, nikaingia.