Viluwiluwi wa Likombe Hawalii

Juzi, kwenye kaunta ya ofisi moja ya maji mjini Mtwara, mama mmoja wa kata ya Likombe aliweka chupa ya maji mbele ya karani. Ndani waliogelea viluwiluwi wa chura.

"Mlisema nilete ushahidi. Pampu ya kisima imekufa, tunakunywa maji ya dimbwini, na mwanangu anaharisha."

Karani akaitikisa chupa. "Mbona wazima hawa? Maji mabaya yangewaua."

Mwalimu mmoja kwenye foleni yetu akadakia: "Nimesoma kuwa wako viluwiluwi wanaolia majini waking'atwa, na anayewang'ata hushtuka akawaachia."

Karani akaiweka chupa sikioni. "Wa Likombe kimya, mwalimu. Hawana malalamiko."

"Sisi tunalia tangu masika, baba," alisema mama.

"Kilio kianzie kwa mwenyekiti wa mtaa, mama. Kitatufikia kwa utaratibu."

Mtoto mgongoni akalilia maji. Mama akaichukua chupa, akafunika mdomo wake kwa pindo la kanga viluwiluwi wasipite, akamnywesha.

Kiluwiluwi akilia huachiwa papo hapo, kwa kuwa majini hakuna mwenyekiti wa mtaa. Sisi wa kwenye foleni tulisogea mbele, kimya.