Sauti ya Ziad Ndani ya Kaseti

Awadh, fundi wa simu na magemu hapa Mji wa Kale, ana kauli yake: "Sauti hakuna asikizaye." Mashine za gemu za zamani zote zishaliwa na chumvi, kwa hivyo yeye hutumia programu inayoifanya laptopu ijifanye mashine hizo. Picha si kazi. Kazi ni sauti, kila mlio utoke kwa wakati wake hasa. Laptopu kongwe ikijaribu hivyo, wachezaji hukimbia kama wamebeba friji. Basi Awadh huiacha programu ikisie sauti tu, mradi mpira uende mbio. Sisi tushindao dukani kwake tukimcheka kwamba refa wake apuliza filimbi kama mbuzi, hujibu, "Mwataka kucheza ama mwataka taarabu?"

Alasiri moja akabisha hodi Bi Raghad. Mwanawe, Ziad, alikuwa swahiba wa Awadh utotoni, mpaka homa ikamchukua.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu." Akafungua leso, akatoa kaseti ya gemu ya mpira. "Ziad alitia sauti yake humu. Yataka kunipotea kichwani. Niwekee nisikie."

Awadh aliijua. Gemu ile ilikuruhusu kurekodi kelele yako ya goli. Akaichomeka kaseti kwenye kisomeo cha laptopu, na kwa mazoea yake akaifungua ile njia ya mbio, ya kukisia sauti. Goli likaingia. Kikatoka kikoromo kizito, chakatika-katika, kama mtu aitaye kutoka ndani ya kisima.

Mimi nikakimbilia kupunguza sauti.

Bi Raghad akaziba masikio. "Huyo si mwanangu! Mmenitilia nani humo?" Akatoka, kaseti akaiacha mezani.

Tangu hapo duka likawa zito. Kashif wa duka la pili akaja na lake: "Fukiza udi, bwana."

"Fukiza hiyo miguu yako kwanza," Awadh akasema, lakini hakucheka.

Akaenda kumtaka radhi Bi Raghad. Mama hakumfungulia mlango wote. "Nikifumba macho nasikia lile koromo," akasema. "Ile yake ya kweli imefutika. Nirudishie, Awadh."

Awadh akarudi, akaiambia programu iige sauti sawasawa, bila kukisia. Laptopu ikahema, sauti ikakwama. Akafunga kila kitu kingine, bado. Mwisho akazima picha. Kiwanja, wachezaji, mpira, vyote. Kioo kikawa cheusi, na nguvu zote zikaenda kwenye sauti.

Akamwita Bi Raghad, akazima na feni. Akaanzia pale mpira unapovuka mstari.

"Goooli! Awadh kala bao!" Kisauti cha kitoto, chembamba, chacheka.

Awadh akainama. Bi Raghad akashika meza. "Ni yeye. Wallahi ni yeye." Kisha, "Na huyo mwanamke nyuma yake, aitaye kwa hasira, ni nani?"

Tukarudia. Kweli, nyuma ya kicheko palikuwa na mtu: "Ziad! Chakula chapoa!" Njia ya mbio ilikuwa imemmeza.

"Ni weye, Mama," Awadh akasema polepole.

Bi Raghad alikitazama kile kioo cheusi. "Rudia."

Awadh akarudia, na kurudia tena, sasa akiiacha rekodi hadi mwisho. Mwanamke akaita, mtoto akajibu, "Naja, Mama!" Na kila mtoto alipojibu, Bi Raghad aligeuza uso kutazama mlangoni.