Chenga Usoni pa Dada Tumaini

Kahawa iliyolazwa kwenye maji baada ya kumenywa ina harufu ya uchachu, kama togwa lililosahaulika, na mpaka leo nikiisikia naikumbuka TV. Najua havihusiani. Lakini msimu ule wa mavuno, nyumbani Isansa, baba mdogo alituletea kutoka Tunduma TV ya chogo na deki yake, ikawekwa barazani karibu na ndoo za kahawa, maana ndani tusingeenea na majirani wote. Ilitumia betri ya gari. Betri ikianza kuchoka picha ilijikunja pembeni, nasi tukapiga kelele kama tulioibiwa.

Kanda ilikuwa moja tu, ya harusi ya dada yetu Tumaini, aliyeolewa ng'ambo ya mpaka, Nakonde. Walikwenda Baba na ndugu zake. Mama alibaki, kwa kuwa Bibi alikuwa mgonjwa na hapakuwa na mwingine wa kumwinua kitandani. Asiyekuwapo na lake halipo, lakini Mama lake alilitaka: ajue kama mwanawe ameolewa kwa moyo mweupe. Baba alipoulizwa alijibu kwamba nyama ilitosha. Simlaumu, hicho ndicho alichokiona. Isitoshe, kwetu bibi harusi hachekicheki. Anainamisha uso hata kama furaha inataka kumpasua, kwa hiyo ukimwangalia hujui kitu. Ila kwenye ile kanda kulikuwa na mahali pamoja ambapo Dada aliinua uso, kidogo tu, akauinamisha tena.

Hapo ndipo ugomvi ulipokuwa. Sisi watoto tulikaa mbele kabisa, pua karibu ziguse kioo, tukiamini aliye karibu ndiye anayeona. Mimi niliona vidoti vyekundu, vya kijani na vya bluu, na chenga zikinyesha juu yake. Nikasema Dada analia. "Hizo ni chenga, we zuzu," alisema kaka yangu Ezekia. "Anacheka, angalia meno." Meno yenyewe sikuyaona. Mama alikuwa amesimama ng'ambo ya ua, mlangoni pa jiko, mwiko mkononi. Ezekia akamwita, "Mama, sogea! Fimbo ya mbali haiui nyoka." Mama akajibu, "Nyoka yupi? Vichwa vyenu si vioo. Inameni." Tukainama. Uso ukapita. "Rudisha," akasema. Ezekia akarudisha. "Rudisha tena." Mwisho akasema, "Mwanangu yuko salama," akarudi kusonga ugali. Alichokiona kule mbali sikukijua. Labda alisema vile ili tunyamaze. Naandika nilivyosikia.

Mimi niliishia darasa la saba, mambo ya vioo siyajui vizuri. Ninavyoelewa, naelewa kwa kahawa. Debe moja ukilianika kwenye kichanja kikubwa, ukisimama karibu unaona wavu kuliko kahawa. Ukirudi mpaka barabarani, unaona kichanja kimejaa. Sasa niko Tunduma, na sebuleni nina TV bapa, pana kuliko dirisha lililo pembeni yake. Kwa haki niseme ni nzuri. Mpira ukichezwa unaona hadi jasho. Lakini nilipohamishia ile kanda kwenye flashi na kuiwasha, uso wa Dada ulikuwa vipande vya mraba kama vigae vya sakafuni. Binti yangu akauliza, "Mama, TV imeharibika?" Haikuharibika. Debe lilikuwa lilelile, kichanja ndicho kilichokua.

Siku hizi Dada hunipigia simu ya video. Uso unajaa kioo, naona hata kovu la kidevuni, tunaongea habari za mvua na mahindi, tunakata. Sijawahi kumwambia arudishe uso wake nimwangalie tena.

Juzi alivuka mpaka kuja sokoni, akapita kwangu. Mama hayupo tena duniani, nikaona nisipouliza leo nitabaki na vidoti vyangu. Nikamwambia binti yangu atuwekee ile kanda. Ilipofika pale nikamuuliza, "Dada, hapa ulikuwa unalia au unacheka?" Akatazama vile vigae, akacheka. "Wala. Walisema gari la kwetu limefika. Nilikuwa namtafuta Mama."

Niliinuka kama mtu anayekwenda kuangalia chungu, nikarudi nyuma hadi mlangoni pa jiko langu. Vile vipande vikashikana, uso ukaja mzima. Ni kweli anatafuta. Macho yanapita juu ya watu, mmoja mmoja, halafu yanakuja moja kwa moja mlangoni niliposimama.

"Rudisha," nikamwambia binti yangu.