Kola Niliyomshonea Sungura wa Mama Mkwe

Nimewahi kumwona kiumbe akila kinyesi chake mwenyewe, saa mbili asubuhi, mimi nikiwa na kikombe cha chai mkononi.

Chai ile sikuimaliza.

Ngoja nianze mwanzo, msije mkaniona mwehu.

Mama mkwe alivunjika nyonga, akalazwa wiki tatu. Kabla ya upasuaji aliniita mimi, sio wanawe. Miaka tisa ya ndoa hajawahi kunikabidhi hata ufunguo wa kabati.

"Nakuachia Mheshimiwa," akasema. Huyo ni sungura wake. "Kila asubuhi mtoe atembee. Mwekee beseni la udongo achimbe. Chakula kifiche kwenye maboksi, akitafute. Akikaa bure anakufa yule."

Nikaitikia, "Sawa mama." Moyoni nikasema, mimi mwenyewe kwenye ndoa hii sijawahi kufichiwa hata peremende nitafute.

Mimi ni fundi cherehani. Nyumbani kwangu kuna magauni meupe ya maharusi. Manyoya ya sungura yazagae humo? Thubutu.

Nikamfungia kizimbani. Namsafishia mara tatu kwa siku, kizimba kinanukia kuliko sebule.

Yeye kazi yake kuguguna vyuma. Kutwa. Mate yanamchuruzika hadi kifuani, manyoya yamegandamana. Akichoka kuguguna anajinyonyoa. Nikawa nampelekea majani huku nimegeuza uso.

Ndipo asubuhi ile. Akainama, akapeleka mdomo nyuma, akapokea kitu cheusi, laini, kinang'aa. Akatafuna taratibu.

Nikakimbilia sinki.

Nikasema huu uchafu unaisha leo. Nikachukua kanvasi, ile ngumu tunayotia ndani ya kola za mashati, nikamshonea kola pana ili mdomo usifike nyuma. Mishono imenyooka, na kifungo juu. Nikampiga picha, nikaitupia kwenye grupu la familia. Nilijiona mjanja sana.

Siku ya tatu akagoma kula. Siku ya nne alikuwa kona moja, ameduwaa, tumbo limekaza. Na mama mkwe anatoka hospitali kesho yake. Akifa huyu, kwa ukoo ule mimi basi tena.

Daktari wa mifugo alimpapasa, kisha akaishika kola.

"Nani kashona?"

"Mimi. Ili asile kinyesi chake."

"Umeshona vizuri. Vile vinyesi vilaini ndivyo chakula chake, lazima vipite tumboni mara ya pili. Na kizimbani anatoka mara ngapi?"

Nikajifanya natafuta pesa kwenye pochi.

"Asipotembea yeye, na utumbo hautembei."

Akaikata kola kwa mkasi, akamchoma sindano.

Nilipofika nyumbani nikatandika magazeti sebuleni. Nikaweka beseni la udongo, na yale mabomba ya kadibodi yanayoviringishiwa vitambaa nikayajaza nyasi kavu. Akakaa saa nzima hajagusa kitu. Halafu akavuta unyasi mmoja. Jioni akadondosha vigololi vinne vya mavi.

Mimi, na kinyaa changu chote, niliviokota kwa mkono nikavifurahia.

Kesho yake mama mkwe akaletwa. Nilishamwandalia chumba: shuka jeupe, ndoo ya haja kando ya kitanda, dirisha nimelifunga vumbi lisiingie.

"Hapa mama hunyanyuki. Kila kitu nakuletea."

Mheshimiwa akapita miguuni pake, shingo haina manyoya pale kola ilipokaa. Mama akatazama kitanda, ndoo na dirisha.

"Ile picha niliiona wodini," akasema. "Nililia, nesi akadhani ni nyonga. Sasa niambie mwanangu, na mimi kola yangu umeshaishona?"

Kile kinyaa chote cha wiki tatu kilinigeukia mwenyewe.

Nikafungua dirisha. Ndoo nikaitoa.

Siku hizi kila asubuhi wanazunguka sebule wote wawili, mama na gongo lake la kutembelea, Mheshimiwa mbele. Peremende zake nazificha kwenye maboksi ya uzi. Ananisema kutwa, lakini anazitafuta.

Ndugu msomaji, kama kuna mtu au mnyama unamtunza, usijisifu kwa shuka jeupe. Jiulize leo umempa nini cha kufanya.